Mwezi Aliokufa Mbaraka

Kaka yangu alizaliwa mwezi aliokufa Mbaraka. Ndivyo mama alivyotuambia tangu tukiwa wadogo, na ndivyo kaka mwenyewe alivyokuwa akijibu kila alipoulizwa, kwa fahari kabisa, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Cheti chake kinasema amezaliwa tarehe 1 Januari 1979. Alizaliwa kijijini, kwenye miteremko ya Uluguru, mikononi mwa mkunga wa pale pale ambaye hakuwa na kalamu wala daftari. Miaka kadhaa baadaye mama alipokwenda kumwandikisha, aliulizwa mtoto kazaliwa lini. Akasema Januari, mwaka wa vita vya Amin. Karani akaandika tarehe 1, maana Januari lazima iwe na tarehe. Mama akaichukua karatasi, akaikunja, akarudi nayo nyumbani. Jioni mjomba alipoisoma kwa sauti, mama akaacha kupepeta mchele.

"Haiwezekani," alisema. "Tarehe moja Mbaraka alikuwa hai."

Mjomba alicheka, lakini mama hakucheka, na mpaka leo hajakikubali kile cheti. Mimi niko upande wake. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gita na mwimbaji aliyeng'ara na Morogoro Jazz kisha Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya katikati ya Januari 1979. Kwa hiyo kama kaka yangu alizaliwa wakati redio inalia msiba wa Mbaraka, basi cheti kimemzeesha karibu wiki mbili. Ushahidi wa mama ni wimbo, na wa karani ni mhuri. Nimeupima huu na ule, nikaona wa mama ndio wenye uzito.

Mimi nilizaliwa baadaye, hospitalini, mjini Morogoro. Kadi yangu ya kliniki ipo mpaka leo, imechakaa kwenye mikunjo, ina tarehe, saa, na uzito wa kilo tatu na gramu mia moja. Nilipokuwa na miaka kama tisa hivi nilimuuliza mama, "Na mimi nilizaliwa wimbo gani?" Akaniangalia kidogo. "Wewe una kadi, mwanangu."

Nadhani ile hamu yangu ya tarehe za muziki ilianzia pale.

Daftari lenyewe nililianza usiku wa Juni 25 mwaka 2009, Michael Jackson alipofariki. Ni kaunta buku nene, ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka, juu nimeandika tarehe kwa kalamu nyekundu. Usiku ule niliandika kifo chake, nikafungua mbele mpaka Agosti 29 nikaandika kuzaliwa kwake, 1958. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Na nikiwa hapo hapo nikakumbuka kwamba ule wimbo wake wa "Liberian Girl" wa mwaka 1987 unaanza kwa sauti ya mwanamke anayetamka maneno ya mapenzi kwa Kiswahili chetu. Sauti hiyo ni ya Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Nikamtafuta na yeye: Agosti 23, 1942. Nikaandika.

Miezi michache ya mwanzo kurasa zilijaa haraka. Bob Marley, Februari 6, 1945, ambayo hata vijana wa vijiweni wanaijua na huipigia rege mpaka usiku wa manane. Miriam Makeba, Machi 4, 1932. Harry Belafonte, Machi 1, 1927, siku tatu tu kabla ya ile ya Makeba, na hawa wawili mwaka 1965 walitoa albamu pamoja iliyokuja kushinda Grammy, ndani yake mna "Malaika". Franco wa Kongo, Julai 6, 1938. Papa Wemba, wa huko huko, Juni 14, 1949.

Kisha nikaanza kuwatafuta wa kwetu, na hapo ndipo daftari lilipobadilika sura. Kwa mzee mmoja napata mwaka wa kuzaliwa bila siku. Kwa mwingine miaka miwili tofauti. Kwa mwingine jina la kijiji na basi. Lakini siku ya kufa ipo, mara nyingi mpaka na jina la hospitali na makaburi. Wageni kwenye daftari langu wana kurasa mbili mbili, wa kuzaliwa na wa kufa. Wetu, hasa wale wa zamani, wana mmoja. Tuliwajua walipokuwa wanaondoka.

Hakuna mahali ambapo hili linaonekana waziwazi kama Unguja.

Kisiwa kile kimezaa waimbaji watatu ambao dunia inawajua kwa majina. Wa kwanza alizaliwa hospitali ya serikali mjini, Alhamisi ya Septemba 5, 1946. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika ofisi za serikali ya Kiingereza, Mparsi aliyetoka India. Mtoto akaitwa Farrokh. Alipelekwa shule ya bweni India akiwa mdogo, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia nzima ikahamia Uingereza. Huko akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Kila kitu chake kina tarehe, tangu kuzaliwa mpaka kufa, Novemba 24, 1991. Mwaka 2006 kulipangwa sherehe Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, kundi la kidini likaipinga. Ninalitaja hilo si kwa kufufua ugomvi. Ninalitaja kwa sababu ili watu wabishane kuhusu siku ya kuzaliwa ya mtu, kwanza siku hiyo lazima iwepo.

Wa pili hana hata mwaka wa uhakika. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa, yapata 1880. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Mtumwa, na halikuwa jina la utani. Wazazi wake walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897, na kwa hesabu ya 1880 binti huyu alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Alichuuza vyungu, akitembea navyo huku akiinadi biashara kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomfikisha mjini, mwaka 1911.

Mjini walimwimba kwa kejeli, kwamba kaja na kaniki, kwamba bila sauti asingekuwa na cha kula. Yeye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ni kukosa akili. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za mitaani, dhuluma za wenye nguvu na kesi za mahakamani, na watu wa Ng'ambo wakajisikia wakitajwa. Mwaka 1928 yeye na wapigaji wake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri na kampuni ya HMV. Hiyo tarehe naijua mpaka mwezi, Machi. Kabla ya hapo hapakuwa na mwanamke wa pwani yetu aliyeingia kwenye santuri.

Niliwahi kwenda Fumba. Nilikuwa Unguja kwa shughuli nyingine, nikapata nusu siku, asubuhi nikasimama kwanza pale Shangani kwenye nyumba ya makumbusho ya Freddie iliyofunguliwa mwaka 2019, kisha nikapanda daladala kuelekea kusini. Shangani nilikuta picha za utotoni, tarehe zimechapwa vizuri chini ya kila picha, wageni wamepanga foleni. Fumba nilikuta majumba mapya yanainuka, na upande wa kijijini minazi, nyavu zimeanikwa, na mzee mmoja ameketi barazani anasuka kamba. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia ninatafuta habari za Siti, kwamba ninaandika daftari la siku za kuzaliwa za waimbaji.

"Siku ya kuzaliwa ya Siti," alirudia taratibu, kama anayeonja neno. Mikono haikuacha kusuka. "Mwanangu, mtoto wa mtumwa, enzi zile, nani amwandikie siku?"

Nilikaa naye barazani karibu saa nzima. Alinieleza upepo wa kusi na bei ya pweza. Hakurudi tena kwenye habari ya Siti wala mimi sikumrudisha, maana swali lake lilikuwa limenijibu. Nilikuwa nimehesabu ule ukurasa mtupu kama uzembe wa wazee wetu, watu wasiotunza kumbukumbu. Si uzembe. Anayeandikiwa siku ya kuzaliwa ni yule ambaye serikali inamhesabu kuwa mtu kamili, mwenye baba mwenye cheo, mwenye kitabu kinachofunguliwa kwa ajili yake. Mtoto wa mtunza fedha ana ukurasa. Mtoto wa mtumwa ana makisio. Sauti zao wote wawili zimetoka kisiwa kimoja.

Kwa bahati njema Siti alimpata Shaaban Robert. Alimtembelea mwishoni mwa maisha yake akaandika wasifu wake, na mengi tunayoyajua yamepitia kalamu ile. Siti alifariki Julai 8, 1950. Ukurasa wa Julai 8 kwenye daftari langu nimeuandika kwa herufi kubwa kuliko kurasa zote.

Wa tatu ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, binti wa muuza nazi, ambaye tangu utotoni alimsikiliza Siti na kumfuatisha. Watu walibishana umri wake mpaka anaingia kaburini. Wengine walisema amevuka mia, wengine wakapunguza. Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba alizaliwa enzi za rupia. Wataalamu waliona hilo si jibu. Mimi naliona ni jibu kamili. Ndivyo mama yangu anavyojibu, ndivyo bibi zetu wote walivyojibu: alizaliwa njaa ile, alizaliwa nzige walipopita, alizaliwa enzi za rupia. Tarehe kwao haikuwa namba. Ilikuwa kitu ulichokiona au ulichokishika mkononi. Alifariki Aprili 17, 2013, Jumatano, baada ya kuzunguka dunia na ngoma ya msondo imefungwa kiunoni, na baada ya kupewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, akiwa bibi kizee ambaye hakuna mwandaaji wa tuzo aliyeweza kumwambia umri wake.

Na kuna kurasa ambazo zimejaa kupita kiasi. Februari 11, kwa mfano. Juu kabisa yupo Joseph Kabasele, Grand Kallé, aliyefariki siku hiyo mwaka 1983. Chini yake Fadhili William, 2001. Chini yake Whitney Houston, 2012. Mkongo, Mkenya na Mmarekani, ukurasa mmoja.

Kwa Fadhili William sikai sana, si kwa sababu hastahili, ila kwa sababu "Malaika" yake ina ubishi wake wa kuzaliwa. Yeye alirekodi Nairobi, na santuri ile ndiyo iliyoupeleka wimbo duniani, lakini wapo wengine waliodai kuutunga kabla yake, akiwemo Adam Salim wa huku Tanzania. Wimbo unaoimbwa kwenye kila harusi, na hatuwezi kukubaliana umezaliwa wapi na lini. Nimeuacha bila ukurasa wake.

Kwa Kallé, hapo ninakaa. Yeye ndiye aliyetupa wimbo ambao siku yake inajulikana karibu kwa saa. Januari 1960 viongozi wa Kongo waliitwa Brussels kwenye Mkutano wa Meza ya Duara kujadili uhuru na Wabelgiji. Mkutano ulifunguliwa Januari 20. Kallé alikwenda na wanamuziki wa bendi yake, African Jazz, wakiwemo Nico Kasanda na kaka yake Déchaud kwenye magita, na Vicky Longomba alichukuliwa kutoka OK Jazz ya Franco. Hebu fikiri: wajumbe wanakwenda kudai nchi, wanakwenda na bendi. Lumumba alitolewa gerezani, akafika Brussels, na Januari 27 ikakubalika kwamba Kongo itakuwa huru Juni 30. Hapo hapo mjini Brussels, kwenye Hoteli Plaza, "Indépendance Cha Cha" ikapigwa. Imetaja vyama, imetaja viongozi kwa majina, imetaja na meza yenyewe. Wimbo ule ni kumbukumbu za kikao zilizotiwa gita.

Nikiusikiliza ninalisikiliza gita la Nico, jinsi linavyopanda bila haraka, kama mtu anayepanda ngazi huku akijua mlango umeshafunguliwa. Mwaka mmoja baadaye Lumumba alikuwa ameuawa. Gita halijui. Linaendelea kupanda.

Huku bara, enzi zile za bendi, mambo ya tarehe yalikuwa magumu kwa sababu nyingine. Bendi zetu zilirekodi studio ya redio ya taifa pale Dar es Salaam, nyimbo zikakaa kwenye tepu. Santuri zilichapwa Nairobi kwa sababu kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Ninayo moja, ya duara dogo, niliipata kwa muuza vitu vya zamani. Upande wa kwanza wimbo unaanza na maneno, halafu sauti inafifia pale pale gita la solo linapoanza kuchachamaa, unageuza, upande wa pili ndiyo chemko lenyewe. Kwenye lebo kuna jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi, namba ndefu. Mwaka hakuna. Aliyekuwa nayo zamani ameandika jina lake kwa kalamu ya wino wa buluu, na yeye pia hakuandika mwaka. Zipo nyingi za namna hiyo. Kama hukuwepo, au kama huna mama kama wangu, utajuaje?

Mama anajua. Ukimpigia wimbo anakupa mwaka, lakini anakupa kwa njia yake. Morogoro Jazz walipokwenda Japan kwenye maonyesho ya Osaka (hiyo ni 1970) alikuwa msichana, na mji mzima uliwasubiri warudi. Anasema vijana wa Morogoro walianza kutembea kwa madaha, kana kwamba wote wamekwenda Osaka. Bendi zilipomlilia Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali Aprili 12, 1984, pale Dakawa, mkoani kwetu, dada yangu ndiyo alikuwa anaanza kusimama dede. Nyerere alipofariki, Oktoba 14, 1999, na redio zikawa zinapiga maombolezo ya Kapteni Komba kutwa kucha, shangazi alikuwa amelazwa, na ndiyo maana mama mpaka leo akizisikia hizo nyimbo huondoka sebuleni. Kwake nyimbo hizo zina harufu ya wodi.

Siku hizi mambo yamegeuka. Msanii wa Bongo Fleva siku yake ya kuzaliwa inajulikana na nchi nzima, keki ina ghorofa, salamu zinamiminika mitandaoni tangu saa sita usiku. Wapo wanaowasema kwa hilo. Mimi ninafurahi, nafurahi kwa dhati. Mtoto wa Tandale ana siku yake, imeandikwa, hakuna wa kumkisia. Diamond alizaliwa Oktoba 2, 1989, hapa Dar es Salaam. Na siku kumi tu baadaye, Oktoba 12, Franco alifariki Ubelgiji akiwa na miaka 51. Kurasa hizo mbili ziko jirani kwenye daftari langu, katikati zipo karatasi chache tu, na kila nikizipitisha kidoleni najiambia kuna siku kumi duniani ambazo mmoja alikuwa hoi kitandani Ulaya na mwingine anabadilishwa nepi Dar.

Papa Wemba naye sina budi kumtaja, kwa sababu ya mama yake. Mama yake alikuwa mwombolezaji wa kazi, alikuwa akiitwa misibani kuimba, na alikwenda na mwanawe. Mtoto alijifunza kuimba katikati ya vilio. Aprili 24, 2016 alianguka jukwaani Abidjan akiwa anaimba, akafariki.

Ninaishi Sinza. Kituo changu cha kushuka kinaitwa Kwa Remmy. Kila jioni konda anapiga ubavu wa gari, "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" na abiria wanajibu "Shusha!" Wengi wao ni vijana, sidhani kama wamewahi kuusikia wimbo wake hata mmoja mpaka mwisho, lakini jina lake wanalitamka mara mbili kwa siku, kwenda na kurudi.

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, mashariki mwa Kongo, kwenye Kiswahili chao. Habari ya kuzaliwa kwake alikuwa akiisimulia mwenyewe. Mama yake alikuwa amepoteza watoto wawili kabla yake. Mganga akamwambia huyu asimzalie hospitali, akamzalie msituni, na nywele zake zisikatwe. Mtoto akatoka na meno mawili tayari, ishara ya uganga, na ndipo lilipoanzia jina la Dokta. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila, na akawaimbia wanyonge mpaka wakamfanya wao. Mwisho aligeukia nyimbo za Injili, zile nywele akazikata. Alifariki Desemba 13, 2010.

Katika wote niliowaandika, huyu ndiye pekee ambaye ukurasa wake wa kuzaliwa ni mrefu kuliko wa kufa. Msitu, mganga, meno, nywele, mama mwenye hofu anayembeba mtoto wa tatu. Cheti gani kingeyabeba hayo yote? Na hakuhitaji hata mtaa wenye kibao. Kina konda wamembatiza kituo.

Januari iliyopita nilimpigia mama simu. Nilikuwa nimeamua kulimaliza suala la kaka. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za mguu, za kuku, za jirani. Kisha nikamwambia, "Mama, nataka nipate tarehe ya kaka. Tujaribu pamoja."

"Tarehe ipo," alisema. "Ni ile wiki ya Mbaraka."

"Wiki ya kwanza ya msiba au ya pili?"

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kinagonga sufuria. Akasema baba alikuwa na redio ya National, ya betri, na betri zilikuwa shida kupatikana kwa sababu ya vita, kwa hiyo walikuwa wanaifungua kwa taarifa ya habari tu kujua wanajeshi wamefika wapi, halafu wanaizima. Betri zikilegea wanazianika juani ziongeze nguvu. Lakini siku ile taarifa ya habari ilipoisha baba hakuizima. Aliiacha. Walikuwa wanapiga Mbaraka, wimbo baada ya wimbo, na baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, hasemi kitu, betri zinakwisha na yeye anaziangalia tu.

"Wimbo gani, mama?"

"Nyingi. Weka, nitakwambia."

Nikaweka simu mezani, nikachukua kompyuta, nikaanza kumpigia moja baada ya nyingine. Ya kwanza akasema hapana, hiyo ilikuwa mchana. Ya pili akaimba nayo kidogo, akasema endelea. Nikaweka "Shida". Gita likaingia, ile solo yake, na upande wa pili wa simu kijiko kikaacha kugonga. Nilisubiri. Mbaraka akaimba ubeti mzima. Nilidhani simu imekatika.

"Hapo," mama akasema. "Hapo hapo. Hapo ndipo uchungu uliponishika."

Sikuuliza tena. Tulisikiliza mpaka mwisho, yeye Morogoro, mimi Sinza, kisha akaniomba nirudishe mwanzo.